Kahawa Aliyoikataa Alinda

Filamu ile inaudhi. Alinda anapelekwa ukweni, mama mkwe anamletea kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile inayokaushwa na tunda lake, naye anakirudisha. Wakwe wote wananuna, kisha filamu inaendelea na mambo mengine, kana kwamba mtu anaweza kukataa kahawa Bukoba bila sababu. Mimi sikukubali. Nilikaa kwenye cherehani yangu hapa Bilele, Bukoba mjini, nikamwandikia Alinda maisha yake ya nyuma, nikayatuma kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa filamu. Shoga yangu Farida, mwenye sauti ya redio, akayasoma na kuyarekodi.

Niliandika kwamba Alinda alipokuwa msichana Kagoma, kule Muleba, yeye na rafiki yake walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza punje yake, wakaapa kutunza siri. Kiapo hicho ni cha wanaume. Wazee wetu walifanya undugu hivyo. Niliwapa wanawake makusudi, ili watu wa kundi wapate la kubishania. Siri yenyewe sikuitaja. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado sijaifikiria.

Jumapili nilikwenda Kagondo kwa mama yangu, Consolata, nikamwekea sauti ya Farida huku tukimenya ndizi. Ilipofika kwenye kiapo, kisu chake kilisimama.

"Nani kakwambia?"

"Nimetunga, Ma waitu."

"Wanawake hawali kiapo hicho. Utatungaje kitu kisichokuwepo?"

"Si ndiyo kutunga kwenyewe?"

Hakucheka. Aliuliza kama Farida ana ndugu Muleba. Nikamwambia watu wa Farida ni wa hapa mjini tangu babu yao. Akauliza siri nitaitaja lini. Nikasema Jumapili ijayo. Akaendelea kumenya, ila maganda yake yalikuwa manene, yeye ambaye hunisema kila siku kwamba namenya ndizi kama mtu asiye na njaa.

Hapo nikaanza kumtilia shaka mama yangu mzazi. Nilikumbuka kwamba hata yeye hatafuni kahawa. Kisahani kikimfikia husema ana meno mabovu, na muwa anautafuna mpaka fundo.

Katikati ya wiki jirani yake, Gaudiosa, aliniambia amemwona stendi akipanda gari la Muleba, kavaa kitenge cha Pasaka. Nilimpigia simu. Akasema yuko kibanjani, anapalilia migomba. Nyuma yake nilimsikia kondakta akiwaita watu wa Kagoma. Mama yangu, anayetuongozea rozari, ananidanganya mchana kweupe. Nilikasirika mpaka nikapachika mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja upande wa kulia.

Jumapili sikumwambia kitu. Niliweka kisahani cha kahawa mezani, katikati yetu, nikakaa.

"Edvina, hiyo sehemu ya pili," alisema. "Mtoto akishajua, anakwenda kukaa na nani?"

"Mtoto gani, Ma? Sijaandika mtoto."

Nilimwona akiyarudia maneno yake mwenyewe kimoyomoyo, akitafuta namna ya kuyarudisha, asiipate.

"Mama yake anaitwa Celina," alisema mwishowe. "Alikuwa anaolewa, na yule bwana asingepokea mtoto wa mtu mwingine. Mimi sikujaliwa mtoto. Tulikula punje za tunda moja, nyuma ya nyumba yao. Juzi nilikwenda kumfokea kwamba amevunja kiapo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama unakula vizuri."

Nilitaka kumfokea na mimi. Niliumia, tena sana, nikamchukia kwa kitambo, halafu nikamwonea huruma, na hasira ikawa bado ipo. Maisha yangu yote nilikuwa kwenye hadithi ya watu wawili, na mimi ndiye niliyejiona mtunzi. Lakini yeye hakuomba msamaha wala hakulia. Alikuwa bado anangoja jibu la swali lake, macho kayaelekeza mlangoni, kama vile mizigo yangu ilikwishafungwa na kuwekwa hapo.

Nilichukua tunda moja kwenye kisahani, nikalipasua kwa meno. Punje moja nikaimeza, ya pili nikamwekea kiganjani. Aliishika muda mrefu.

"Nina meno mabovu," alisema, akaitia mdomoni.