Majani Mawili ya Lori

Mimi ni fundi springi, mwanamke, na mdomo wangu hauna breki. Anayetaka maneno matamu aende kwa fundi cherehani. Karakana hii aliniachia baba, pamoja na jiliwa lake, nyundo zake na masharti yake, na sharti lililozidi yote lilikuwa hili: gari la familia usilitie jani la lori, yaani bamba la springi ya lori. "Chuma cha lori kinasubiri tani," alikuwa akisema. "Usipokipa tani, kitamrusha mwenye gari."

Mwaka jana nililivunja sharti hilo kwa mikono yangu hii. Mdogo wangu, ndugu pekee niliye naye, aliniletea gari lake kuukuu, lile lenye nyuma ndefu, limekaa chini kama kuku anayeatamia. Alitaka libebe saruji. Springi zake zilikuwa na majani matano kila upande, nayo yamechoka, yamelala. Nilikuwa na haraka siku hiyo. Nikampachikia majani mawili ya lori, moja kulia, moja kushoto. Nyuma ikapanda, yeye akanishangilia, nami nikavimba kichwa. Likiwa na saruji, gari lilitulia vizuri. Likiwa tupu, lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Miezi mitatu iliyopita mke wake, wifi yangu, alikuwa amekaa kiti cha nyuma wakitoka sokoni. Gari halina mzigo. Lile tuta refu la karibu na kwao, mdogo wangu alilistukia limeshafika. Wifi alirushwa hadi darini, akatua kwa makalio, na pingili moja ya uti wa mgongo ikavunjika. Watu wote wakasema ni mwendo kasi. Mdogo wangu mwenyewe akasema ni mwendo kasi, akalia mbele ya wakwe zake akiomba radhi. Mimi nikasema pole. Nilijua, na nikasema pole!

Basi Jumatatu, saa tatu asubuhi, akaingia karakana akihema.

"Dada, hospitali wanamruhusu leo. Kitanda kinatakiwa saa kumi."

"Si habari njema hiyo? Mbona umenuna?"

"Daktari anasema asafirishwe amelala chali. Wamemfunga vyuma mgongoni, bado havijashika. Mtikisiko mmoja mkubwa, vikachomoka, basi. Hatatembea tena."

"Ambulensi je?"

"Ile inaleta tu, hairudishi mtu. Na mwenyewe hataki gari la mtu. Anasema atarudi kwa gari lake, ila wewe ulitengeneze kwanza." Akajaribu kutabasamu. "Anasema, mwambie wifi asipolilainisha vizuri nitamsema mpaka siku ya kuzikwa kwake."

Nilicheka, nikachukua spana. Tukaanza kuzing'oa springi za lile gari hapo hapo. Nati za yu-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, zilikuwa zimeshikwa na kutu, ikabidi nizikate kwa msumeno, cheche zikiruka hadi kwenye mtandio wangu. Mdogo wangu alishika taa na kuniuliza saa ngapi kila baada ya dakika mbili.

"Uliza tena," nikamwambia, "nikupachike wewe badala ya springi."

Kulegeza bolti ya katikati ni kazi ya roho mkononi, maana majani yamebanwa yakiwa yamekunjwa, na yakiachiwa ghafla yanaruka. Niliyabana kwa jiliwa. La upande wa kushoto likateleza. Jani la lori likapita kando ya sikio la mdogo wangu, likagonga mlango wa bati na kuubonyeza.

"Mama yangu!" akapiga kelele.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Hili dude lina hasira gani?"

Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo wangu usio na breki ukapata breki. Nikaokota lile jani, nikalitupa kwenye vyuma chakavu.

Kufikia saa sita tulikuwa tumeyatoa yote mawili na kurudisha yale matano ya zamani. Tukakunja viti vya nyuma, tukatandika godoro, nikalala chali juu yake, mdogo wangu akaendesha polepole juu ya tuta dogo la mbele ya karakana. Ngo! Ekseli ilipiga fremu, meno yangu yakagongana, kichwa kikaruka kutoka kwenye mto. Majani yale yalikuwa yamechoka mno hata hayawezi kubeba mtu mmoja aliyelala. Na lile ni tuta dogo. La kwao ni mara mbili yake.

Mdogo wangu alizima gari, akaweka paji la uso kwenye usukani. "Tumwache huko huko, dada."

"Kitanda chake kina mtu mwingine anakingoja. Shuka, tufanye kazi."

Magumu yanamrusha, yaliyochoka yanamgongesha. Nilizunguka karakana kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Nyuma ya choo kulikuwa na mzoga wa gari la muuza vioo, limeoza tangu enzi za baba. Nikainama kulichungulia, na nikaona springi zake: majani tisa kila upande, membamba, yamepinda vizuri. Gari la kubeba vioo! Nilijipiga paji la uso. Baba ndiye aliyemtengenezea yule mzee wa vioo springi zile, na kwa miaka yote hakuwahi kusikia kioo kimevunjikia njiani.

Upana ulikuwa sawa. Urefu ulizidi kidogo, nikakata ncha. Jani la kwanza, lile refu lenye macho ya kufungia, nikabakiza la gari lenyewe nikalipindisha upya, chini yake nikapanga majani ya gari la vioo. Chuma kikisuguana na chuma kinagoma na kukoroma, kwa hiyo nilikimbia nyumbani, nyumba ya pili tu, nikachukua ubao wangu wa plastiki wa kukatia mboga, nikaukatakata vipande na kuviweka kwenye ncha za majani ili yateleze.

"Dada, huo si ubao wa jikoni?"

"Ndiyo. Kuanzia leo nitakatia vitunguu kichwani kwako."

Bushi mpya za mpira, yu-bolti mpya, shokapu mpya nilizokuwa nimemwekea mteja mwingine. Mteja atanuna, atanunuliwa nyingine. Saa tisa kasorobo nikalala tena nyuma, safari hii na bakuli la maji kifuani. Juu ya tuta dogo gari liliinama, likainuka, likatulia. Maji yakalowesha kola tu. Mdogo wangu alitaka twende tukajaribu tuta la kwao pia, lakini liko upande wa pili wa mji na hospitali hawakuwa na subira. Tukaenda hivyo hivyo.

Wauguzi wanne walimbeba wifi kwenye ubao na kumteremsha kwenye godoro. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki yake.

"Wifi," akasema, "unanuka grisi."

"Na wewe unanuka dawa. Ngoma droo."

Nikapanda nyuma, nikapiga magoti kando yake, nikamshika mabega. Njia ya lami ilikwenda salama. Kila shimo dogo nililisikia kwenye magoti yangu, nikamtazama usoni, naye alikuwa ametulia. Kisha tukakata kona ya kuelekea kwao, na mbele nikaliona lile tuta. Wifi hakuliona, alikuwa anatazama dari, lakini aliijua kona. Vidole vyake vikaingia kwenye mkono wangu.

Gari likasimama.

"Mbona umesimama?" nikauliza.

Mikono ya mdogo wangu kwenye usukani ilikuwa inatetemeka mpaka bangili ya saa inalia. Mguu wake ulichezacheza kwenye klachi, gari likaguna na kuruka kidogo. Wifi akakunja uso.

"Siwezi," mdogo wangu akasema. "Mimi ndiye niliyemvunja. Hapa hapa. Siwezi, dada."

Nyuma yetu lori lilipiga honi. Hatukuweza kurudi nyuma, na mguu ule ukiendelea kutetemeka, klachi ingeachiwa ghafla na gari lingelivamia tuta. Kuendesha mimi? Nani angemshika wifi? Honi ikalia tena. Nikaona kwamba kilichobaki ni kitu kimoja, na kilikuwa kooni mwangu miezi mitatu.

"Hukumvunja wewe," nikasema.

"Nilikuwa na mwendo..."

"Mwendo ulikuwa wa kawaida! Nisikilize. Yale majani ya lori hayakutakiwa kwenye gari hili. Baba alinikataza, nilijua, nikayafunga kwa sababu nilikuwa na haraka. Gari tupu, chuma kile kingemrusha mtu hata ungetambaa. Nikakuacha ulie mbele ya wakwe zako. Ni mimi. Nisameheni, au msinisamehe, lakini ni mimi."

Hata lori liliacha honi. Nilimwona mdogo wangu kwenye kioo akinitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo tangu tukiwa watoto. Mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka. Ilikuwa imekamata usukani kwa nguvu, kwa hasira, na hasira ile ilikuwa yangu yote. Nikaipokea.

"Haya," wifi akasema, sauti nyembamba. "Mtapigana nyumbani. Sasa nivusheni."

Mdogo wangu akatia gia ya kwanza. Gari likatambaa. Wifi alifumba macho, akabana meno, kucha zake zikanizama. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Kisha ya nyuma. Nikasikia majani ya vioo yakiinama moja baada ya jingine chini ya magoti yangu, yakateleza kwenye ubao wangu wa mboga, yakainuka taratibu.

"Bado?" wifi akauliza, macho yamefumbwa.

"Tumeshavuka."

Akafumbua jicho moja. "Muongo wewe."

"Wallahi tumeshavuka. Liko nyuma."

Machozi yakamtiririka yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali, nami nikayafuta kwa kiganja chenye grisi, nikamchafua shavu. Hakuuachia mkono wangu. Mdogo wangu aliendesha mpaka nyumbani, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Anayo haki.

Wakati wanamwingiza ndani, wifi aliniita.

"Usidhani nimesahau ulichosema pale. Mimi na wewe tuna kesi."

"Nisomee sasa hivi."

"Sasa hivi nimelala. Kesi kubwa haisomwi mtu amelala. Nitakuja karakana kwako kwa miguu yangu, nisimame mbele yako, nikuseme mpaka uombe maji."

Kila asubuhi nafagia mlangoni pa karakana na kuondoa vyuma vyote njiani, mtu asije akajikwaa.