Shada la Mzabibu Mwitu

Tangu Septemba ya mwaka 2016, Cibalonza alikuwa na jambo analomficha mama yake, nalo lilikuwa mkono wake wa kulia. Mkanda unaobeba maboksi kwenye ghala alilofanyia kazi, huko Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, ulinasa glovu yake na kumvuta. Madaktari waliokoa vidole vinne. Kidole kidogo cha mwisho kilikatwa, na viwili vilivyo jirani nacho vikabaki vikavu, havikunjiki wala kunyooka.

Mama yake, Kornelia, aliishi Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, na alikuwa mgonjwa wa presha. Kila Jumapili Cibalonza alimpigia simu wakaongea habari za misa na za majirani, basi. Aliyejua ni mdogo wake tu, Sandrine, aliyeishi Columbus, naye aliapishwa asifungue mdomo.

"Bon, yaya, utamuficha mpaka lini?" Sandrine alimuuliza dada yake.

"Mpaka Noeli. Nitaenda kwake mimi mwenyewe. Nataka aone kwanza kitu huu mukono umetengeneza, kisha aone mukono."

Kitu gani, hakujua bado. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amempa udongo laini wa kuminya, mara mia asubuhi, mara mia jioni. Wiki ya pili ukamchosha. Unaminya, unaachia, na hakuna kilichobaki mkononi.

Jawabu lilikuja ndani ya gari la Zéphyrin, muumini mwenzake wa parokia aliyefanya kazi ya kusafisha bustani za watu. Alipita kumjulia hali, na nyuma ya gari alikuwa amerundika mizabibu mwitu aliyoing'oa kwenye uzio wa mteja.

"Hii naenda kutupa," alisema. "Lakini kuko watu wanaizungusha duara, wanachomeka matawi mabichi, wanatundika mulangoni kipindi cha baridi. Inapendeza, kweli."

Cibalonza aliitazama ile mizabibu, myembamba, yenye vikonyo vilivyojisokota. "Usitupe. Shusha hapa kwenye baraza."

Shada la kwanza lilifumuka kabla hajaliweka mezani. La pili lilivunjika. La tatu lilikaa, ila lilikuwa limepinda kama sufuria iliyokanyagwa. Vidole viwili vilimuuma hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kushoto na kurudia. Siku moja aliloweka mizabibu kwenye beseni la kuogea, maji ya moto, nusu saa, na alipoitoa ilikuwa laini kama kamba. Kuanzia hapo kazi ikaenda. Kufikia Novemba kidole cha pete kiliweza kushika ncha ya mzabibu na kuipenyeza chini ya mwenzake. Mtaalamu alipima, akapima tena, akauliza anafanya zoezi gani. "Nasuka," alijibu.

Siku tatu kabla ya Noeli alipanda basi kwenda Buffalo, alale njiani kwa Sandrine, akiwa amelipakata shada lake bora. Alikuwa amelivika matawi ya mwerezi, matunda makavu ya msonobari yenye magamba, na vipande vya machungwa alivyovikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Njiani usingizi ukampitia. Basi lilipofunga breki kwa ghafla, sanduku la abiria mmoja likaanguka kutoka juu, likatua mapajani mwake. Yeye hakuumia. Shada lilipasuka vipande vitatu.

Sandrine alimpokea Columbus, akamkuta ameshika mfuko wa takataka za miti. Walipofika kwenye fleti yake, karibu na Morse Road, alijaribu kumtuliza.

"Yaya, kuko ya plastiki kwenye duka hapo mbele. Tununue moja. Mama hatajua."

"Mimi nitajua."

"Donc utafanya nini? Basi yako ni kesho asubuhi."

"Bado kuko mchana. Jaza beseni maji ya moto."

Mizabibu iliyobaki mizima ilitosha duara dogo zaidi. Wakaenda pamoja nyuma ya majengo, wakaokota matunda ya msonobari yaliyozama kwenye theluji nyepesi na matawi mabichi yaliyoangushwa na upepo. Sandrine alipoona dada yake anakunja uso kwa maumivu, alinyoosha mkono ili afunge kamba yeye.

"Niachie," Cibalonza alisema. "Wewe kata machungwa."

Sandrine akakata machungwa. Kabla ya chakula cha jioni shada lilikuwa limesimama, dogo kuliko la kwanza, lakini limekazwa vizuri.

Buffalo theluji ilifika magotini. Cibalonza alipanda ngazi, akalitundika shada kwenye msumari wa mlangoni, kisha akabisha.

Kornelia alifungua, akamkumbatia mwanawe, halafu akaliona. Aligusa matawi, akanusa chungwa, akavuta duara kuona kama litalegea. Halikulegea.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, mama." Cibalonza alivua glovu.

Mama hakulia. Aliushika ule mkono, akavikunja vidole kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Na kila Jumapili unaniambia uko muzima." Sauti yake ilikuwa ya hasira, na hasira hiyo alikaa nayo siku nzima. Alimpigia Sandrine simu, naye akapata fungu lake. Ila wakati wa kula alimwekea Cibalonza nyama iliyo bora, akasema, "Usinichunge tena kama mutoto. Mimi ndiye mama hapa."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

Baada ya Noeli, akina mama watano wa jumuiya walikuja, kila mmoja na mizabibu na matawi yake mkononi. Kornelia alikuwa amekwisha kuwaita waje kufundishwa kusuka, bila kumuuliza mtu. Cibalonza aliketi katikati yao, mkono bila glovu mezani, na mmoja alipokosea kupenyeza mzabibu, aliuchukua akaufumua.

"Anza tena," alisema. "Ukikaza hapa, haitafumuka."