Mwanafunzi Asiyetaka Kuelewa

Laiti Fundi angekataa! Mtu akikataa, unabishana naye, unalia kidogo, unamwita shangazi, mambo yanaisha. Lakini mzee huyu hakukataa wala hakukubali. Alijitia hamnazo. Kila binti yake alipotamka neno "ng'ambo", mguu wa mzee ulikandamiza pedali na cherehani ikaanza kunguruma pale sebuleni, tena bila kitambaa chini ya sindano.

Binti mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu Kengele. Jina hilo alilipata siku kengele ya shule ilipoibwa. Asubuhi hiyo alisimama uwanjani akawaita watoto kwa mdomo wake, na mwalimu mkuu hakuona tena sababu ya kutafuta kengele nyingine.

Sasa alikuwa ameitwa na shule moja ya misheni huko ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, akafundishe muhula mmoja: kusoma asubuhi, hadithi za Biblia mchana. Pasipoti ilikuwa tayari, tiketi tayari, sanduku limekaa kitandani limeachama. Kilichobaki ni kauli ya baba. Kanisa lao halikumtuma mtu ambaye mzazi wake hajasimama mbele ya watu akasema aende. Desturi hiyo ilianza baada ya mama mmoja kumfuata mwanawe hadi uwanja wa ndege na kumtoa kwenye foleni kwa kumshika sikio, mchungaji akitazama.

"Baba," alisema Mwalimu Kengele asubuhi moja, akiwa ameinama juu ya kimto cha sindano. Kazi yake ya kwanza kila siku, kabla ya chai, ilikuwa kumtungia mzee uzi kwenye sindano zake za mkono. Mzee hakuwa akiliona tundu tena, ingawa mwenyewe alishikilia kwamba macho yake ni mazima, ila uzi wa siku hizi umenenepa. "Baba, Jumamosi nina jaribio la somo kanisani. Ukishamalizika mtihani, mchungaji atakuita useme. Usiposema, nafasi inakwenda kanisa la jirani. Wana mwalimu wao ameshafunga mizigo."

Cherehani ikanguruma.

"Utakuja?"

"Tunga ule wa kijivu," akasema mzee. "Na funga dirisha, mbu wanaingia."

Habari ya mbu nayo ilikuwa imezuka karibuni. Mchana kweupe, binti akiwa amesimama anakunywa maji, baba anatokea nyuma na kumpiga kofi begani. "Mbu!" Kisha kofi la bega la pili. "Mwingine!" Kisha kiganja kinashuka mkono mzima, shubiri kwa shubiri, mpaka kwenye kifundo, huku midomo ya mzee ikichezacheza bila sauti. Mwalimu Kengele alikuwa hajapata kuona mbu wanaotembea kwa mpangilio namna ile. Alimweleza mchungaji kwa wasiwasi kwamba huenda uzee umeanza kumchezea baba yake, na kwamba hajui kama ni haki kumwacha.

"Mtie darasani," akashauri mchungaji. "Awe mmoja wa wanafunzi wa jaribio. Moyo wake utalainika."

Jaribio lenyewe lilihitaji wanafunzi kweli kweli. Mwalimu aliyetumwa mara ya mwisho aliwafundisha watoto wa ng'ambo kwa Kiswahili kitupu, akiamini kwamba mtu asipoelewa, dawa ni kumpandishia sauti. Muhula ulipokwisha, watoto walijua neno moja tu, nalo ni "kelele!" Kamati ikaapa. Kuanzia hapo, anayetaka kutumwa lazima afundishe hadithi nzima bila kutamka neno lolote la kueleweka, mbele ya wanakamati watakaoigiza watoto wasiojua Kiswahili.

Utu uzima dawa, wanasema. Siku ile dawa yote ilimwagika mlangoni. Mwenyekiti wa kamati, askari magereza mstaafu ambaye watoto walimwamkia kutoka mbali, aliingia kanisani amevaa kaptula na soksi ndefu. Kiongozi wa kwaya, mama wa wajukuu, alikuwa amesuka nywele vikia viwili na kuvifunga utepe. Hata hawajaketi sawasawa, Mwenyekiti alimvuta mwenzake kikia. Kiongozi wa kwaya akalia kwa lugha aliyoitunga papo hapo na kumzaba kwa ndala. Mchungaji, aliyekuwa msimamizi, akaandika kitu kwa uso wa huzuni.

Mwalimu Kengele akampa Mwenyekiti chaki aje ubaoni. Mwenyekiti akaila, ili kuonyesha kwamba kwao chaki haijafika.

Na Fundi? Alikuwa benchi la nyuma kabisa, anatazama dari. Wenzake waliigiza kutoelewa. Yeye alikuwa na mazoezi ya nyumbani. Binti yake alipompungia mkono, alitazama dari. Alipompigia makofi, alitazama dari. Huyo hata malaika angeshuka na ngoma angemwambia afunge dirisha.

Somo lilikuwa kondoo aliyepotea. Mwalimu Kengele alichora kondoo ubaoni. Kiongozi wa kwaya akaonyesha kwa vidole kwamba ile ni mvua inakuja, akajifunika kichwa. Basi mwalimu akaona isiwe taabu, akapiga magoti, akaweka mikono sakafuni, akalia "Meee!" Kwa sauti ile aliyopewa na Mungu, vioo vya madirisha viliitikia. Wanafunzi wakafurahi kupita kiasi. Dakika si nyingi kamati nzima ilikuwa chini, inatambaa katikati ya mabenchi, inalia mee, na Mwenyekiti anatafuna ua la altare.

Mwalimu akachukua ufagio, akawa mchungaji wa kondoo. Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kwa madaha. Katika mpango wake, aliyepaswa kupotea ni kiongozi wa kwaya, na mama yule alikuwa ameshajibanza nyuma ya ngoma, anachungulia aone kama anatafutwa. Lakini kidole cha mwalimu kilipofika benchi la nyuma, kikabaki hewani. Benchi lilikuwa tupu.

Baba ameondoka.

Amekwenda nyumbani kwenye cherehani yake, akafikiri, ili asiitwe kusema. Basi safari imekwisha hata kabla ya kuanza. Na kilichomuuma zaidi si safari: ni kwamba mzee ameona afadhali kutoroka kuliko kumwambia mwanawe neno moja.

Akautupa ufagio, akaanza kutafuta. Alitafuta chini ya mabenchi, nyuma ya mlango, chini ya kitambaa cha meza. Kondoo walidhani ndiyo somo, wakamfuata wakilia. Alimpita kiongozi wa kwaya nyuma ya ngoma bila kumtazama, na mama yule akanung'unika kwamba yeye ndiye aliyepotea kihalali.

Akamkuta kwenye chumba cha majoho. Fundi alikuwa amesimama katikati ya majoho ya kwaya yaliyotundikwa, ameshika pindo la mojawapo anakagua mishono, kama mtu aliyeingia mle kwa shughuli hiyo. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na pindo lile lilikuwa limelowa.

Mwalimu Kengele alikuwa na maneno ya kujaza debe. Hakuruhusiwa hata moja. Kwa hiyo alifanya alichofanya yule mchungaji wa kondoo katika hadithi: aligeuka, akainama, akampakia baba yake mgongoni.

Fundi alikuwa mwembamba kama utepe wake wa kupimia, lakini hata utepe ukipiga mateke ni mzigo. Walitokea ukumbini, kondoo wakashangilia kwa mee za furaha. Mwalimu akayumba, akashika benchi, akaendelea.

"Nishushe!" akafoka mzee.

"Mee," akasema binti.

"Nishushe nasema! Utateguka bega hilo, na koti nimeshalikata!"

Mee zote zikakatika. Mwenyekiti alibaki na ua mdomoni.

"Koti gani, Fundi?" akauliza mchungaji.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee, bado mgongoni, alitazama dari, lakini dari safari hii haikumsaidia.

"La baridi," akasema. "Si mnasema huko kuna baridi? Mlitaka aende na kile kisweta chake cha zamu? Nalishona akiwa shuleni. Lina bitana mbili."

Mwalimu Kengele akaanza kukumbuka. Bega la kushoto, bega la kulia, mkono mzima shubiri kwa shubiri. Na uzi wa kijivu aliokuwa akiutunga kila asubuhi kwa mikono yake mwenyewe.

"Baba," akasema, mtihani ukajiendee, "kumbe wale mbu..."

"Mbu gani mchana kweupe?"

"Kwa hiyo umekubali?" akauliza mchungaji. "Desturi inataka usimame useme."

"Nitasimamaje na sijashushwa?"

Akashushwa. Alinyoosha shati, akafuta uso kwa mkono, akawatazama wazee wazima waliokaa sakafuni kama waliomwagwa.

"Aende," akasema. "Na arudi. Hilo la pili ndilo mliandike kwa herufi kubwa."

Mwenyekiti alilia waziwazi, akisingizia ua. Mwalimu Kengele alifaulu, ingawa mchungaji aliandika kwamba alizungumza Kiswahili mara moja na kupoteza ufagio wa kanisa.

Asubuhi ya safari alikuwa sebuleni, amevaa koti, anatoka jasho mpaka kwenye nyusi. Lilimkaa vizuri, isipokuwa mkono wa kulia uliopita vidole; siku mkono huo ulipopimwa kwa kofi la mbu, binti aliruka. Alikuwa amechukua sindano zote za nyumba, anazitunga uzi moja baada ya nyingine na kuzichomeka, mpaka kimto kikajaa akahamia kwenye mto wa kiti.

Fundi alikuwa amekaa anamtazama. Cherehani ilikuwa kimya.

"Nyeusi tupu," akalalamika. "Unadhani nitashona suruali za msiba tu?"

Binti akachukua nyekundu, akachukua nyeupe, akaendelea kutunga.

"Na zikiisha?" akauliza mzee.

"Zikiisha, nitakuwa nimerudi."

Mzee aliuvuta mto wa kiti karibu yake, akaupapasa, akachomoa sindano ya kwanza.

"Basi nitashona haraka," akasema.