Bakuli la Pili

Siku ya kumbukumbu ya baba mkwe wake, Nan-hui aliandaa meza ya marehemu kama alivyoiandaa tangu aolewe katika nyumba ile ya mjini Daegu: samaki mashariki, nyama magharibi, kijiko kimesimamishwa katikati ya wali, jambo lisilofanywa kwa mlo wa aliye hai. Kisha akaweka bakuli la pili ubavuni mwa lile la kwanza, nalo akalisimamishia kijiko chake.

Bakuli la pili huwa ni la mke wa marehemu, naye akishakufa. Taabu ni kwamba mke wa marehemu, Bibi Bong-rye, alikuwa amesimama mlangoni, buheri wa afya, sahani ya mapeasi mkononi.

Hakupiga kelele. Alilitazama bakuli lake, akauliza kama angalau wali umeiva. Tangu hapo hakumsemesha mkwewe. Waliosemeshwa ni majirani, tena kwa kirefu: kaburi lake limeshachimbwa, imebaki kusukumwa tu.

Nan-hui hakukumbuka hata kuliweka bakuli lile. Alikuwa ameugua korona mwezi uliopita; homa ikaondoka, kichwa hakikurudi. Majina ya watu yalimpotea, na siku moja alisahau choo chake mwenyewe kiko wapi. Mumewe Do-sik, mtu wa kukubaliana na yeyote aliyemkalia karibu, alimwambia mkewe kuwa ule ni ugonjwa, akamwambia mamaye kuwa ni jeuri. Lakini lililomnyima Nan-hui usingizi lilikuwa jingine. Alisahau mengi, ila miaka yote ya kusutwa na mama mkwe kwa ajili ya supu yake aliikumbuka vizuri sana. Na kama alikusudia?

Kwa hiyo Daktari Pyo, bingwa wa mishipa ya fahamu, aliposema anataka kumchoma sindano mgongoni atoe maji ya uti yakapimwe, Nan-hui aligeuka akampa mgongo hata kabla hajaambiwa. Alitaka maji hayo yaseme kama alikusudia.

Siku ya majibu Bibi Bong-rye naye alikuja, akakaa mbele kabisa kama mlalamikaji. Daktari alieleza kuwa katika maji ya mgongo wamekuta kingamwili za korona, yaani askari wa mwili wanaopambana na virusi hivyo, tena kwa wingi usiotarajiwa mahali pale. Hawezi kuapa kwamba kusahau kote kumetokana na hilo, ila ubongo umechokozwa, na dawa zinaanza leo.

"Na humo kwenye maji," bibi akauliza, "mmeona kama ananiombea kifo?"

Daktari akaikagua tena karatasi ya majibu. "Hicho hatukukipima, Bibi."

Nan-hui akaangua kilio palepale, maana ndicho pekee alichokuwa amekifuata.

Jioni Bibi Bong-rye aliingia chumbani na supu ya mkia wa ng'ombe. Uti ukishafyonzwa hujazwa, alisema, daktari apende asipende.

"Sijui kama nilikusudia, Mama," Nan-hui akamwambia. "Kweli kabisa, sijui."

Bibi alitia wali kwenye supu, akakoroga.

"Mimi mama mkwe wangu nilimwandalia bakuli kila mwaka, moyoni, naye yu hai anakula. Na sikuwa hata na homa."

Kisha akakilaza kijiko kando ya bakuli, akahakikisha kimelala sawasawa.

"Kula, mwanangu. Supu inapoa."