Mvua Ndani ya Kaseti

Bi Saida wa Mtawanya alikuwa akitawadha mpaka ndoo mbili zinakauka. Sheikhe alimwambia mara tatu kwa kila kiungo zinatosha, na mwenyewe alilijua hilo tangu utotoni. Lakini akimaliza ya tatu, moyo unamwambia umekosea, anza upya, naye anaanza upya. Adhuhuri ilimpita akiwa na kata mkononi, na ngozi ya mikono ilichubuka. Wapo waliomcheka. Wangeishi siku moja na moyo wa namna ile, wangekoma.

Mwaka tisini na nane binti yake Riziki alijifungua, akalelewa uzazi hapohapo nyumbani kwa mama. Siku ya arobaini bibi mzaa mama ndiye humtoa mtoto nje, akambeba hadi barazani watu wamwone. Bi Saida hakuwa amemgusa mjukuu hata mara moja. Jirani ndiye aliyemwogesha. Aliogopa kumpaka uchafu ambao macho ya wengine hayakuuona. Asipoweza, mtoto atatolewa na shangazi yake, na hilo lilimuuma kuliko ile mikono.

Mkwewe, Yusufu, alikuwa fundi redio. Mteja mmoja alimwachia kaseti ya Kizungu: juu mawimbi ya bahari, chini yake maneno ya sauti ndogo mno, ambayo sikio haliyasikii lakini moyo, ati, huyapokea. Bi Saida hakujua Kizungu, na Yusufu aliona hata moyo wake haukijui. Akatengeneza ya kwake. Alirekodi mvua ikipiga bati, na chini ya mvua akaweka sauti ndogo ya Riziki ikisema, tena na tena, kwamba mama ametakata. Mkwe hana uso wa kumweleza mama mkwe mambo ya kuoga, kwa hiyo alimtuma mkewe ampelekee.

Wiki ya kwanza ndoo mbili zikawa moja, na Bi Saida akalia kwa furaha. Kisha wasiwasi ukahamia kwenye kaseti yenyewe. Jogoo akiwika katikati, anairudisha mwanzo, huenda neno limempita. Akipiga chafya, anairudisha. Maskini, aliruka majivu akakanyaga moto. Hata hivyo hakukata tamaa, kila asubuhi alikaa tena mbele ya ile redio.

Siku ya arobaini ubani ulishawashwa, wageni wamejaa barazani, na kaseti ilikuwa ikizunguka chumbani mara ya sita. Redio ikautafuna utepe. Yusufu, nje ya mlango, alisema kwa heshima kwamba ataunyoosha, wampe nusu saa tu.

Bi Saida aliutazama utepe uliokunjamana. Alitaka kungoja, alitaka mno.

“Nimwite shangazi yake, mama?” Riziki aliuliza taratibu.

“Sijisikii safi,” alisema Bi Saida. “Mlete hivyohivyo.”

Akampokea. Alimshika barabara, mwanamke yule, akatembea hatua kwa hatua hadi barazani, na vigelegele vikapanda. Hapo mtoto akacheua, maziwa yakamtiririkia bibi yake kiganjani. Riziki, aliyemjua mama yake, akakimbilia ndoo na kurudi na kata ya maji.

Bi Saida alitikisa kichwa.

“Weka chini, mwanangu. Watu wa kule nyuma hawajamwona.”