Weka Picha ya Karibuni

Binti yangu alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha watu waliohudhuria shughuli moja, na akataka kuizindulia kwetu, wastaafu wa ukumbi wa mikutano. Nikamwambia ametuchagua sisi kwa sababu hatuwezi kumkimbia, magoti hayaruhusu. Akacheka. Akasema, "Mama, nyie mnafahamiana tangu zamani. Kitu kikienda mrama kwenu, nitajua tatizo ni programu, si watu."

Hakuwajua watu wenyewe.

Maelezo yalikuwa mepesi. Unajiandikisha kabla ya siku yenyewe, unaweka jina, kazi uliyokuwa ukifanya na picha yako ya karibuni. Ukiingia ukumbini, simu inakuonyesha nani yuko jirani yako, ili umwendee mkasalimiane. Mimi nilipigwa picha hapohapo jikoni, na mtandio wangu, miwani yangu na mikunjo yangu yote, kwa sababu mtoto akiniomba kitu kwa adabu huwa nafanya kama alivyoomba.

Mimi sikuwa na wasiwasi na programu. Wasiwasi wangu ulikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mshereheshaji wa ukumbi ule. Walimwita Kipaza, kwa maana kipaza sauti kikizima yeye alikuwa haoni tofauti. Alikuwa akisimama mlangoni, na mtu aliyeingia mara moja tu, mwaka unaofuata anaitwa kwa jina na kuulizwa hali ya mguu wake. Mimi nilikuwa mpambaji, mtu wa maua. Niko juu ya ngazi nafunga vitambaa, yeye chini anajaribu sauti: moja mbili, moja mbili, dada wa maua anaombwa asianguke kabla hajanijibu. Ukumbi mzima, wapishi, mafundi, wafagiaji, wote wakawa wanasubiri jibu langu. Nilikaa nalo miezi kadhaa, makusudi kabisa. Siku hizo nilijua kuringa, na hata leo nikikumbuka najisikia vizuri.

Sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Majirani walimtoka kwanza, kisha wakwe, kisha wajukuu. Mimi alikuwa hajanisahau hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likinipa usingizi. Lakini wenzake wa kazini hawakujua habari hizi. Niliogopa kumpeleka mbele yao, amtazame mtu kama anayetazama ukuta. Mtu aliyekuwa akijua majina ya wote aaibike palepale alipokuwa akiyaita.

Asubuhi ya uzinduzi nilimvalisha koti lake la kijivu, nikamfunga tai. Akaniangalia kwenye kioo, akasema, "Leo umependeza, mke wangu." Nikasema moyoni, basi, mengine yatajiweka sawa.

Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi mpya na viti vimekuwa vya plastiki, ila harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa ileile. Ilinipanda puani, nikawaona wote niliowahi kufanya nao kazi mle. Binti yangu alisimama jukwaani akaeleza, kisha akatuomba tufungue simu. Watu wakainamisha vichwa. Halafu vicheko vikaanza.

Wazee wenzangu, kila mmoja kwa siri yake, walikuwa wameweka picha za ujanani. Chumvi, aliyekuwa mpishi mkuu, ambaye leo hana unywele hata wa dawa, alionekana na nywele za kufugia ndege na suruali inayofagia chini. Fundi wa taa, mama mzima anayetembelea mkongojo, alikuwa msichana juu ya pikipiki. Simu zilikuwa zinatangaza vijana, na ukumbini tumejaa vizee. Mtu anamtafuta mwenzake, anazunguka viti, anampita.

Binti yangu akanijia, macho yamejaa machozi. "Mama, si niliandika picha ya karibuni?"

"Uliandika," nikamwambia. "Wamesoma. Hawajakubali tu."

"Wameniharibia kila kitu."

Nilitaka kumpoza, lakini nikasikia sauti. Sauti ya zamani, iliyonyooka. Mume wangu alikuwa ameiinua simu aliyopewa, anaitazama.

"Chumvi," akaita. "Yule mwizi wa vitunguu yuko wapi?"

Chumvi akajitokeza, kipara kinang'aa. Mume wangu akamtazama, akaitazama picha, akamshika bega. "Umekuwaje, bwana? Nani amekufanyia hivi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akaenda kwa fundi wa taa, akamuuliza pikipiki amemwachia nani. Akapita hivyo viti kwa viti, majina yanamtoka bila kukwama. Vijana wa kwenye simu aliwajua wote. Waliokuwa wamempotea ni hawa wazee, na sasa alikuwa amepata njia ya kuwafikia.

Binti yangu alisimama ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, nikamwacha mwanaume wangu afaidi. Sijui kama niliwahi kumpenda kuliko saa ile. Nilikuwa namwona kijana tena, na nikaomba shughuli isiishe.

Akafika kwangu. Akaitazama simu, ikamwonyesha bibi kizee mwenye miwani, yuko jikoni. Akainua macho, akamwona bibi yuleyule. Akatabasamu kwa heshima, tabasamu la mlangoni, alilokuwa akiwapa wageni.

"Samahani, dada," akasema. "Picha yako haijanisaidia. Ulikuwa kitengo gani?"

Binti yangu akapiga hatua aje kusema. Nikamzuia kwa mkono.

"Nilikuwa wa maua," nikasema.

Akakunja uso. Hakukasirika, alinionea huruma tu, kama mtu aliyekosea mlango. "Hapana, dada. Wa maua alikuwa mmoja tu hapa, na huyo nimemwoa mimi."

Nilitaka kulia, na nilitaka vilevile asinyamaze.

"Hebu niambie," nikasema, "ni mtu wa namna gani?"

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akageuka kuangalia huku na huku katikati ya watu.

"Yuko humuhumu ndani, nimekuja naye," akasema. "Akitokea nitawakutanisha. Mtapatana."