Yule wa Ejok

"Ejok," mteja aliandika, kisha akanyamaza.

Nyadak aliitazama salamu hiyo ya Kiturkana, neno moja tu, kwenye skrini ya kompyuta. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, Chelangat alibonyeza saa ya simu yake ianze kuhesabu. Alikuwa ametoka Lodwar alfajiri, ametumwa na mfuko unaosaidia biashara changa, na kazi yake Kakuma siku hiyo ilikuwa moja tu: kupima kama wazo la Nyadak linaweza kusimama kwa miguu yake.

Wazo lenyewe halikuwa la kuumiza kichwa. Maduka mengi siku hizi yana tovuti na namba ya WhatsApp, ila hayana mtu wa kukaa kuwajibu wanaoandika. Basi ujumbe wote uletwe Kakuma, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta tano, na wakimbizi wa kambini wajibu papo hapo kwa niaba ya duka. Omollo, mwenye duka la pampu na paneli za sola mjini Lodwar, alikubali wateja wake wajibiwe hivyo kwa siku moja. Jaribio likifaulu, mfuko ungegharamia miezi sita ya kwanza, na Omollo angekuwa mteja wa kudumu. Likishindwa, chumba kilikuwa tayari na mposaji: kinyozi wa jirani alikwishapima ukuta wa kutundikia vioo vyake.

Kwa wenzake wanne ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kwa Nyadak ilikuwa kazi pekee duniani isiyomdai ulimi. Tangu utotoni maneno yalimkwama. Alijua anachotaka kusema, alikiona kabisa, lakini herufi ya kwanza iling'ang'ania kinywani na kukataa kutoka. Aliwahi kupokea simu kwenye duka la dawa kwa wiki mbili, akaachishwa kwa upole mwingi. Wala si dharau iliyomuumiza zaidi. Watu wema ndio waliommaliza, wale waliomwonea huruma wakamdakia neno na kulimalizia wenyewe, mara nyingi wakamalizia lisilo lake. Ameshaletewa chumvi akiomba chai. Lakini kwenye kibodi! Mpe kibodi, uone maneno yanavyomiminika.

Asubuhi hiyo alikuwa amewajibu wateja kumi na wawili, na hakuna aliyezidi dakika nane zilizoandikwa kwenye fomu ya Chelangat. Huyu alikuwa wa kumi na tatu.

"Muulize anataka nini," Chelangat alimhimiza. "Saa inaenda, Bi Nyadak."

Nyadak alitikisa kichwa. Aliandika: "Ejok nooi. Habari ya nyumbani?"

Ikapita dakika kumi. Didace, mwenye chumba, Mkongo aliyejua mambo ya umeme kuliko mambo ya subira, aliinama kutazama. "Dada, ule mutu analala? Achana naye, twende kwa mwingine."

Nyadak hakuachana naye. Kuni zake alizinunua kwa akina mama wa Kiturkana waliozileta mlangoni, na wao ndio waliomfundisha. Walitua mzigo, wakasema ejok, wakangoja. Naye akipambana na jibu, walingoja tu, macho yametulia kama mtu anayengoja chungu kichemke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumdakia neno. Kwao salamu haikuwa mlango wa kupitia mbio. Ulikaribishwa, ukakaa, ndipo ukaulizwa kimekuleta nini. Aliwapenda kwa hilo, na hakuwahi kuwaambia.

"Nyumbani salama," jibu likaingia. Jina lilionekana sasa: Emanikor, wa Lokori.

"Watoto wameamkaje?"

"Vizuri."

"Na mbuzi?"

Kimya kirefu zaidi. Chelangat alipiga miayo na kuandika kitu kwenye fomu. Halafu:

"Mbuzi iko na kiu. Pampu yenu imenyamaza."

Nyadak alipandisha ukurasa juu kuangalia mazungumzo ya nyuma. Emanikor alikuwa ameandika "Ejok" kila siku kwa siku kumi na moja. Kila siku duka lilimjibu kwa mashine: Karibu. Bonyeza 1 kwa bei, 2 kwa fundi, 3 kwa malalamiko. Na kila siku, baada ya hapo, hakuandika kitu. Mtu amesalimu, anajibiwa namba! Angeanzaje kueleza shida yake kwa asiyejua hata kusalimiana?

Kutoka hapo kazi ilikwenda kwa mwendo wa miguu ya Emanikor. Mtandao ulipatikana juu ya kilima, pampu ilikuwa bondeni. Nyadak aliomba picha. Emanikor akashuka, akapiga, akapanda. Upepo ulikuwa umeangusha paneli na vijana wakairudisha. Didace aliikuza picha na kupiga ulimi.

"Balichanganisha waya. Ile nyekundu bameiweka fasi ya nyeusi."

Nyadak alieleza kwa maneno mafupi: zima kwanza, chomoa, hii hapa, ile pale. Emanikor akashuka tena. Katikati ya kungoja Nyadak alihudumia wateja wengine saba, lakini dirisha la Emanikor hakulifunga. Alasiri ndipo ujumbe wa mwisho ulipoingia.

"Imetoa maji. Ejok."

Neno lile lile alilofungulia, maana kwao ejok ni salamu na ni wema pia. Nyadak alifunika uso kwa viganja akacheka peke yake. Chelangat alizima saa.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," alisema, akaandika. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtia Nyadak hofu.

Wiki iliyofuata waliitwa Lodwar kutetea wazo. Walipanga Didace aseme, Nyadak afungue kompyuta tu. Lakini hati ya Nyadak ya kutoka kambini ilipatikana, ya Didace haikupatikana. "Nenda, dada," alimwambia. "Mungu atakupa mudomo."

Mungu alikuwa na shughuli nyingine siku hiyo. Nyadak alisimama mbele ya meza ofisini, feni inazunguka juu, Chelangat upande mmoja na Omollo upande wa pili. Omollo alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Karibu, mama. Tuambie basi."

"K-k-k..." Nyadak alifumba macho. "Ki..."

"Kila kitu kiko sawa?" Omollo alimsaidia.

Hakutaka kusema hivyo. Alitaka kusema kimya cha mteja nacho ni ujumbe. Alifungua kompyuta, akaigeuza, akamwonyesha Omollo mazungumzo ya Lokori.

Omollo alisoma. Alipanda juu mpaka siku ya kwanza, akashuka tena polepole, na uchangamfu ukamtoka kidogo kidogo.

"Huyu ndiye yule wa ejok?" aliuliza. "Ai! Mimi nilijua ni mtu anacheza na simu tu. Hata nilikuwa nataka kumblock." Alipangusa paji la uso. "Siku kumi na moja, na mbuzi haikunywa?"

"Labda walikwenda mbali kuwanywesha," Chelangat alisema taratibu. "Lakini nina swali, na lazima niulize, maana ndilo nitakaloulizwa mimi." Aliichukua fomu. "Wateja kumi na tisa, vizuri sana. Mmoja, saa nne. Wakija kumi kama yeye kwa siku moja, Bi Nyadak, utafanyaje? Biashara itasimama?"

Lilikuwa swali la haki, na Nyadak alikuwa na jibu. Alikuwa amelifikiria njia nzima, gari likiruka mashimo: kwamba kungoja hakufungi mikono, unaweza kuwangojea wengi kwa pamoja; kwamba ile mashine ifundishwe kusalimu kwanza; kwamba maduka ya Lokori mpaka Lokitaung yana wateja walioandika neno moja na kuondoka. Yote yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri, nyuma ya meno.

"N-n-n..." alianza. "Na..."

Omollo alifungua kinywa. Chelangat akamgusa mkono, naye akakifunga.

Nyadak alijaribu tena. Halikutoka. Aliona aibu, aibu ya zamani aliyoijua vizuri, na machozi yakawa karibu. Sasa wangemshukuru kwa kuja, wangemwambia watampigia simu. Simu!

Chelangat aliweka kalamu chini. Alichukua simu yake, akaandika kitu kifupi, akaiweka mezani mbele yake kioo kikitazama juu.

Kompyuta ikalia. Kwenye ukurasa wa duka la Omollo kulikuwa na mteja mpya, na ujumbe wa neno moja.

"Ejok."

Nyadak aliinua macho. Chelangat hakuwa akitabasamu wala kumhurumia. Alikuwa amekunja mikono, anangoja jibu, kama mteja yeyote.

Nyadak alivuta kiti, akaketi. "Ejok nooi," aliandika. "Habari ya nyumbani, mama?"

"Nyumbani salama."

"Watoto?"

"Wameamka vizuri. Sasa nieleze."

Vidole vikaanza kwenda. Kwenye simu ya Chelangat vidoti vitatu viliruka, vikatulia, vikaruka tena, na Omollo akasogeza kiti chake, funguo zikilia, apate kuona vizuri. Feni ilizunguka. Ujumbe ulikuwa mrefu, na ulichukua muda, na hakuna aliyemmalizia neno.